Wa kukaa nyuma

Poleni kwa ukimya, mitihani imenibana.

Juzi mwenzangu hapa Moshi kaniuliza, "We Mnyamwezi, mambo ya kupima macho uliyatolea wapi?" Nikacheka. Kisa chenyewe hiki.

Sekondari kule Tabora ripoti zangu zilikuwa aibu tupu, fizikia F, hesabu F. Ubaoni naona ukungu mweupe, nikadhani wote wanaona hivyo. Hata tulipopelekwa Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, ile miembe ya njia ya misafara mi niliona kijani tu kimetanda. Notsi nilinakili usiku kwa shoga yangu.

Ikaja NECTA. Karatasi iko mezani, hakuna ubao. Alama za shule zilinivuta chini, ila nikatoka na daraja la pili. Mtaani wakasema nimeibia. Hata mama alinitazama mara mbili... iliuma jamani.

Aliyemaliza ubishi ni mpima macho. Kaniwekea lenzi, nikasoma mpaka herufi za chini kabisa. Akamgeukia mama: "Mwanao si mzito, haoni mbali." Mama kimya, machozi yanamtoka.

Kuomba optometria KCMC niliogopa wataulizia ripoti za shule. Walichotaka ni matokeo ya taifa. Basi nikapanda basi, Nzega, Singida, Arusha, hadi hapa.

Likizo narudi Tabora. Nitaanza na wale wanaokaa nyuma.