Reli Tuko Nayo, Treni Ndiyo Hatuna

Wasee wa Kite na Kajiado, kabla hatujaitisha barabara ingine, hebu tuongee kuhusu chuma ambayo iko hapa tangu enzi za mababu.

Kajiado mjini kuna reli. Si SGR, ni ile ya zamani ya upana wa mita moja, inatoka Konza, inapita Kajiado na kuteremka hadi Magadi. Ilijengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kubeba magadi ya ziwa. Kitengela yenyewe haina stesheni, lakini Athi River ni hapo tu, na reli ya zamani ya Mombasa inapita hapo. Treni ya abiria ya Lukenya hutumia njia hiyo.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela peke yake. Wengi wetu kazi na chuo ni Nairobi, na karibu sote tunabanana tundu moja: barabara ya Namanga, Athi River, Mlolongo, halafu Mombasa Road. Mvua ikianza tu, nauli inapanda. Kama ndio umeanza kazi, hapo lanchi imeenda. Na ukiamka saa kumi alfajiri kila siku kuwahi mathree, usingizi pia ni nauli.

Kuna wenye watasema reli ni ya mizigo. Sawa, na SGR je? Madaraka Express inatumia reli moja na kontena za Mombasa. Ya abiria imeundwa kwenda kilomita 120 kwa saa, ya mizigo 80. Zinapishana kwa sababu kuna njia za kupishania na ratiba inayosema nani amngoje nani. Reli ya Nanyuki nayo ilikuwa imekufa kabisa. Kenya Railways, NYS na jeshi wakaifufua, na 2020 abiria wakarudi.

Kwa hivyo hatuombi miujiza. Tunaomba vitu vidogo visivyokatiwa utepe: mataruma mapya, kokoto, njia za kupishania, vivuko salama vya watu na ng'ombe, taa, na mahali pa kungojea pasipo na tope.

Lakini tusidanganyane. Kutoka Kajiado, reli inazunguka kwanza hadi Konza ndipo irudi Nairobi, kwa hivyo treni itashindwa na gari siku barabara iko wazi. Ndiyo maana mimi ningeanza na Athi River: treni nyingi zaidi asubuhi na jioni, na mathree fupi za kutoka Kite zinazofika kabla treni haijaondoka. Watu wakizoea, Kajiado ifuate.

Na hapa kuna kazi yetu. Reli ni ya serikali kuu, lakini barabara za mtaa na steji ni za kaunti. Siku ya kikao cha bajeti ya kaunti, ukumbi hujaa wazee na sisi tuko TikTok. Mwaka huu tuende, tuulize swali moja tu: kutoka Kitengela hadi stesheni ya Athi River, mtu wa kawaida atafikaje saa kumi na moja asubuhi?

Wakishindwa kujibu hilo, msiniambie kuhusu barabara ingine.