Mkanda aliupata wapi?

Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari za mpira, za kwaya na za mitihani ya Serikali. Leo ninaomba nafasi nieleze jambo ambalo pengine walimu wenzangu wengine watalisoma kwa kukunja uso: kachi. Siyo ile ya Kinshasa, ambako wapigaji wanaingia ulingoni na dawa zao za kienyeji na watu wanakimbia kwa kicheko na kwa hofu. Ninasema ile ya Wamarekani, ya kampuni ya WWE, inayoonyeshwa kila juma. Mimi leo ninafundisha hesabu. Lakini mwaka 2019 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tano katika shule ingine, siyo hii, na kachi ilikuwa imeniingia katika damu.

Pale Masisi kulikuwa nyumba moja ya mbao yenye paa la mabati. Ndani, televizyo moja ilikaa nyuma ya wavu wa kuku, kusudi mtu akikasirika asiitupie kitu. Nje, grupe ya umeme ilinguruma. Kuingia ilikuwa franga 200, na ukikosa, unaweza kulipa na viazi. Mvua ikianguka juu ya mabati hatukusikia hata neno moja, basi mwenye nyumba alikamata mikro akatutafsiria kwa Kiswahili. Nilikuja kujua baadaye kwamba Kiingereza hakukijua hata kidogo. Yote yalitoka katika kichwa chake, na mpaka leo ninafikiri kwamba maneno yake yalikuwa mazuri kupita yale ya wenyewe. Mafuta ya grupe yakiisha, pigano nalo limeisha, hata kama mtu angali hewani.

Wasiojua kachi wafahamu hivi. Hawaleti pigano la ubingwa kwa siku moja tu. Wanalipika kwa moto mdogo. Juma hili mtu anatukanwa. Juma lijalo anapigwa na kiti mgongoni. Juma la tatu anaomba nafasi ya kupigania mkanda, wakubwa wanamkatalia. Hivyo hivyo mpaka mwezi wa nne, ndipo inafika sikukuu yao kubwa, WrestleMania. Na nani atashinda, hiyo imeandikwa mbele. Kuanguka ni kwa kweli, mgongo unauma kweli, lakini ushindi umeandikwa katika karatasi. Mwalimu wetu mmoja wa dini alitukemea akisema tunadanganywa. Hatukudanganywa, tulijua. Rafiki yangu alizoea kusema: «Kama kuko mwenye kuandika, basi shauri siyo nani ana nguvu. Shauri ni yule mwenye kalamu anataka nini.»

Huyu rafiki yangu ndiye ninayetaka kuandika juu yake. Sitamtaja jina. Tulikaa benchi moja. Alikuwa mrefu, mwenye mikono ya mtu wa shamba, na kila siku ya posho alibeba makala sokoni kusudi apate daftari na, kwa kusema kweli, zile franga 200 pia.

Yeye na mimi tulimpenda mpigaji mmoja, Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. Alipoingia katika WWE mwaka 2008, walimtangaza kuwa mtu wa Jamaika, na kisha, baada ya muda, wakamwachia Ghana yake. Hao watu wa kachi hawaogopi kumvika mtu nchi isiyo yake. Kulikuwa mwingine kabla yake, aliyeitwa Kamala, wakimpaka rangi tumboni na usoni na kumpa mkuki, wakisema ni jitu la porini kutoka Uganda, jirani zetu hapa. Kumbe alikuwa Mmarekani wa Mississippi, James Harris, aliyekufa mwaka 2020. Tulipoona picha zake za zamani, mzee mmoja aliyefanya biashara Kampala miaka mingi alisimama akatoka nje bila kudai pesa yake. Basi Kofi alituletea furaha ya namna ingine. Hakupakwa kitu. Aliruka tu, akicheka.

Kwa miaka 11 alikuwa mtu wa pembeni, mwenye kuwasindikiza wakubwa. Mwezi wa pili mwaka 2019 mwenzake mmoja, Mustafa Ali, aliumia, wakamweka Kofi mahali pake. Siku ya 12 alipigana zaidi ya saa nzima, mtu mmoja baada ya mwingine. Alimshinda hata Daniel Bryan mwenyewe, aliyekuwa bingwa, kisha Jeff Hardy, kisha Samoa Joe, ndipo AJ Styles akamwangusha akiwa amechoka kabisa. Siku ya 17 walibaki wawili, yeye na Bryan, na Bryan akashinda. Watu wakaanza kuita jina la Kofi. Wakubwa wakampa karatasi atie sahihi kwa pigano la ubingwa la mwezi wa tatu. Kalamu iko mezani, ndipo anaingia mwenye kampuni, Vince McMahon, anasema hapana, na nafasi anapewa Kevin Owens. Siku ya 10 mwezi wa tatu wakamwambia amekwisha kuongezwa katika pigano. Akaingia mbio, akakuta siyo pigano la mkanda. Watu wawili wanamngojea yeye peke yake.

Kwetu mapigano haya yalifika kwa kuchelewa, katika diski za wachuuzi wa Goma, bila utaratibu: tuliona ya mwezi wa tatu mbele ya mengine ya mwezi wa pili. Lakini ile ya siku ya 19 mwezi wa tatu tuliiona nzima. Mwenye kampuni alimwambia Kofi: piga watu watano, nitakupa nafasi. Akawapiga Sheamus, Cesaro, Rowan, Samoa Joe na Randy Orton. Nyumba yote ilisimama. Mama mmoja aliyeuza mandazi mlangoni aliacha beseni lake akaingia bila kulipa. Ndipo McMahon akatokea tena: umefanya vizuri, amebaki mmoja tu, Daniel Bryan. Wa sita! Kofi akaanguka.

Usiku ule tulirudi kwa miguu katika matope. Rafiki yangu alinyamaza mpaka tulipofika penye njia panda, kisha akasema:

«Ndugu, umeona? Unapiga watano, banakuletea wa sita. Njo vile bananifanyia na mimi.»

Nilijua anasema nini. Alikuwa amelipa fungu la kwanza la minervali. Wakadai la pili, mama yake akauza mbuzi. Alipolileta, wakasema kuna pesa ingine, na baada ya hiyo, ingine tena yenye jina ambalo hatukupata kulielewa. Mwaka ule ule, mwezi wa tisa, Serikali ilitangaza masomo ya bure, lakini kwa shule ya msingi tu, na yeye alikuwa amekwisha kuivuka zamani. Akaniuliza kama baba yangu, aliyekuwa na ng'ombe wawili na duka dogo, anaweza kumkopesha ile iliyobaki, naye atailipa kwa makala. Haikuwa pesa nyingi.

Nikamjibu: «Ngoja juma lijalo, nitamuuliza baba.»

Sikumuuliza. Siwezi kusema nilisahau. Baba alikuwa mkali, niliogopa kukaripiwa, nikapitisha siku. Nikafikiri shauri litajitengeneza. Siku ya kwanza ya juma la tatu benchi letu lilikuwa na mtu mmoja. Mama yake alisema ameshuka Walikale, kutafuta madini.

Diski ya WrestleMania ilifika mwezi wa saba. Pigano lenyewe lilifanyika tarehe 7 mwezi wa nne. Kila mtu mle ndani alikwisha kusikia kwamba Kofi ameshinda. Madereva wa pikipiki walileta habari tangu zamani. Hata hivyo, Bryan alipoangushwa na mwamuzi akahesabu tatu, wanaume wazima walilia. Mzaliwa wa Afrika wa kwanza kuvaa mkanda ule wa WWE! Mwenye nyumba alitupa mikro chini, hakutafsiri tena. Babu yangu alizoea kutusimulia namna walivyongojea Ali na Foreman mwaka 1974, pigano likiahirishwa toka mwezi wa tisa mpaka tarehe 30 mwezi wa kumi kwa sababu ya jeraha juu ya jicho la Foreman, na kwamba kungoja kule ndiko kulikofanya watu wapige kelele mpaka asubuhi. Mimi usiku ule sikupiga kelele. Nilikuwa nimeketi karibu na mahali patupu, na niliyetaka kumwambia hakuwa hata na telefone.

Ndugu wasomaji, miezi 17 ikapita. Mwisho wa mwaka 2020, nikiwa nimepata diploma yangu, mjomba alinichukua twende Walikale kudai deni la mafuta ya mawese. Tulipita Nyabiondo na Kashebere, mara kwa pikipiki, mara tukiisukuma pikipiki. Wanaojua njia ile hawahitaji nieleze, na wasioijua hawataniamini. Toka Walikale tukaendelea mpaka Mubi, na pale, chini ya turubai, nikamwona akipakia mifuko.

Alikuwa amekonda, na mkono mmoja ulikuwa na kovu jipya. Alichelewa kufika, kama vijana wengi. Ule mlima wa Bisie, uliokusanya wachimbaji wa mikono kwa maelfu, ulikuwa umeingia mikononi mwa kampuni ya Alphamin, iliyoanza kutoa madini yake kwa mashini mwaka ule ule wa 2019. Basi akawa mtu wa kubeba: mara Ndjingala, mara Kilambo, mahali ambapo kwa miaka mingi ndege zilitua juu ya barabara yenyewe kuja kuchukua kasiterite. Alinikumbatia kama vile tuliachana jana.

Jambo la kwanza alilosema: «Mzee, nilimuona Kofi! Katika telefone ya mutu.»

«Pigano gani?»

«Ile ya Brock Lesnar.»

Moyo wangu ukashuka. Tarehe 4 mwezi wa kumi mwaka 2019 Kofi aliupoteza mkanda mbele ya Lesnar, kwa muda wa sekunde kama 10. Kengele ililia, akaruka, akadakwa, akatupwa, kwisha. Katika yote, rafiki yangu alikuwa ameona zile sekunde 10 tu. Nikaanza kumwambia pole, lakini yeye alikuwa anacheka.

«Hapana, sikia. Mbele ya kupigana, niliona banamuvua mukanda kwa kiuno, banamupatia mwamuzi. Nikauliza ba-jeune: huyu, mukanda aliupata wapi? Hakuna aliyejua. Tangu ile siku niko nangojea mutu wa kunieleza.»

Basi tukakaa juu ya mifuko nikamweleza. Nilianza pale alipoachia, pa yule mtu wa sita. Nikamwambia kwamba juma lililofuata, tarehe 26, rafiki wawili wa Kofi, Big E na Xavier Woods, waliambiwa wapige makundi matano kwa usiku mmoja, na wakishinda, rafiki yao atapata pigano la mkanda. Na kwamba walipofika kwa kundi la nne, wale ndugu wawili wanaoitwa Usos walikataa kupigana nao, wakasema wanawaheshimu, wakageuka wakaenda zao. Na kwamba kundi la mwisho, la Bryan mwenyewe, lilihesabiwa likiwa nje ya ulingo, wale wawili wakashinda.

Hapo sauti yangu ilianza kupungua. Nikamwambia sikumuuliza baba.

Alitazama barabara kidogo. «Nilijua,» akasema. «Ungemuuliza, ungekuja kuniambia jibu, hata la hapana.» Kisha akanipiga begani na ule mkono wenye kovu. «Endelea.»

Nikaendelea mpaka tarehe 7, mpaka hesabu ya tatu, mpaka wanaume waliolia na mikro iliyotupwa chini. Vijana wengine wa mifuko walikuwa wamekwisha kutuzunguka. Mjomba aliita mara mbili kwamba pikipiki iko tayari.

«Bado,» rafiki yangu akamjibu. Kisha akanigeukia. «Rudia pale pa bale barafiki babili.»

Nikarudia.