Ridhaa ya Nani? Tafakuri za Shabiki wa Mpira wa Kimarekani

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Msomaji wa jarida hili ameikuta methali hii tangu shule ya msingi, akaitungia sentensi, akaiandikia insha na pengine akaikamilisha katika karatasi ya mtihani. Aghalabu tunaitumia kuhimiza bidii: atendaye vyema hutuzwa. Katika mpira wa Kimarekani methali hii haihitaji kufasiriwa, kwa maana washindi wa fainali ya ligi ya kulipwa, iitwayo Super Bowl, huvikwa pete halisi zenye vito. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja wamekuwapo vijana waliocheza mchezo uo huo katika viwanja vikubwa kuliko vya ligi hiyo, na ambao kanuni ziliwakataza kupokea ujira. Makala haya ni tafakuri za shabiki anayewapenda hao wa pili kuliko wale wa kwanza, na ambaye mapenzi yake yamemzalia maswali.

Kwanza nimweleze mchezo huu msomaji asiyeufahamu. Kila upande huwa na wachezaji 11 katika uwanja wenye urefu wa yadi 100. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huwaendea wapinzani. Anayeufikisha mpira katika eneo la mwisho huipatia timu yake alama 6. Watu wengi wa kwetu huuona mchezo huu kuwa raga iliyovishwa helmeti, wakachoshwa na kusimamasimama kwake. Mimi huufananisha na bao. Katika bao mtu hatupi kete ovyo. Hutulia, hukisia nia ya mwenzake, kisha mkono ukaenda mbio. Ndivyo ilivyo hapa: kimya cha nusu dakika, halafu sekunde sita za vurumai iliyopangwa. Anayekielewa kimya hicho ndiye anayeufaidi mchezo.

Niliufahamu mchezo huu mwaka 2016, nilipokuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha eneo la Kati Magharibi nchini Marekani. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo kijana wa miraba minne aliyecheza katika safu ya mbele ya timu ya chuo. Siku moja nililiomba darasa litafute neno la Kiswahili la kumwita kwotabeki, yule mchezaji anayeupokea mpira kila jaribio linapoanza na kuamua uende wapi. Mmoja akapendekeza nahodha. Nikawaeleza kwamba nahodha tunaye tayari katika soka. Mwingine akataja rubani. Yule kijana, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akasema: "Mgawaji, mwalimu. Kazi yake ni kugawa." Alikuwa amechukua kitenzi, akakipachika kiambishi cha ngeli ya A-WA mwanzoni na kiambishi cha utendaji mwishoni, bila ya kutazama daftari. Darasa zima likapiga makofi. Tangu siku hiyo, kwangu mimi, kwotabeki ni mgawaji, nami nitamwita hivyo katika makala haya.

Wengi hudhani kwamba ligi ya kulipwa ndiyo mzazi na vyuo ni watoto. Historia yasema kinyume. Tarehe 6 Novemba 1869 vyuo vya Rutgers na Princeton vilikutana New Brunswick, katika jimbo la New Jersey, na Rutgers ikashinda kwa mabao 6 kwa 4. Mchezo wa siku hiyo ulikaribiana na soka kuliko huu tunaoujua. Ni Walter Camp, mwanafunzi wa Yale, aliyeongoza mageuzi ya miaka ya 1880 yaliyoupa mchezo mstari wa kuanzia na hesabu ya majaribio. Mwaka 1905, baada ya vijana kadhaa kufa uwanjani, Rais Theodore Roosevelt aliwaita wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton katika Ikulu ili waupunguze ukatili. Mwaka uliofuata kurusha mpira mbele kukaruhusiwa, na kikaundwa chama ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA. Ligi ya kulipwa haikuzaliwa hadi mwaka 1920, huko Canton, Ohio, ikapewa jina la NFL mwaka 1922. Kwa hivyo mama ni chuo. NFL ni mwana aliyekwenda mjini akatajirika.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mpira bora zaidi huchezwa na wanaolipwa. Timu zao ni 32, na kila moja ina wachezaji waliochujwa kutoka mamia ya vyuo. Isitoshe, ligi hiyo ina haki fulani ndani yake. Tangu mwaka 1936 timu iliyoshika mkia ndiyo huchagua kwanza miongoni mwa vijana wanaotoka vyuoni, ili mnyonge wa mwaka huu apate nguvu mwakani. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa pia mshindi wa kwanza, mwaka 1935, wa tuzo ambayo leo inaitwa Heisman. Hakucheza hata mechi moja ya kulipwa; kazi nyingine zilikuwa na malipo ya kuaminika zaidi. Mwaka 1939 chuo chake nacho kikaufuta mpira, kwa hoja kwamba haukuwa na nafasi katika shughuli za elimu. Kwa upande mwingine, Tom Brady, mgawaji kutoka Michigan, alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, na akaja kustaafu akiwa na pete saba. Mgema wa NFL hupima tembo kwa ladha yake, haulizi limetoka mnazi upi.

Iwapo ni hivyo, kwa nini nikapenda chuo? Kwa sababu chuo hakihami. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984, timu ya Colts ilipakia vifaa vyake katika malori na kuhama Baltimore kwenda Indianapolis. Wakazi wa Baltimore waliamka wakiwa hawana timu. (Ni Colts iyo hiyo iliyomsajili Mkenya Daniel Adongo mwaka 2013, akitoka katika raga.) Mwenye mali aliamua, na mwenye mapenzi hakuulizwa. Chuo hakipakiwi katika malori. Michigan itakuwa Ann Arbor kesho na kesho kutwa, katika uwanja uliofunguliwa mwaka 1927 na unaotoshea watu zaidi ya 107,000. Army na Navy wamekuwa wakivutana tangu 1890; Michigan na Ohio State tangu 1897. Jumamosi ya mechi mji niliokaa uligeuka kuwa ukumbi wa arusi moja: babu aliyehitimu zamani, mjukuu ambaye bado hajajua kusoma, mhadhiri wa falsafa na mfagizi wa maktaba, wote katika rangi moja. Mimi mgeni niliimba wimbo wa chuo nisichosomea, na hakuna aliyeniuliza hati.

Hata hivyo, penye urembo ndipo penye urimbo. Kiswahili kina istilahi ya mchezo usiolipwa: tunauita mchezo wa ridhaa. Istilahi hii ni nzuri, kwani inatuambia kwamba mchezaji anacheza kwa hiari yake, kwa kuridhia. Lakini ridhaa ni jambo la pande mbili, na ni lazima tuulize nani aliridhia nini. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba NCAA haikuwa na haki ya kuhodhi matangazo ya televisheni ya mpira wa vyuo. Vyuo na miungano yao vikauza matangazo hayo vyenyewe, na fedha zikamiminika. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala hakimu, bali ni kocha wa chuo. Wakati huo wote mchezaji alipewa karo, malazi na chakula, akaambiwa kwamba akipokea zaidi ya hapo atauchafua mchezo. Neno ridhaa likawa pazia: mbele yake vijana wanacheza kwa mapenzi, nyuma yake watu wazima wanahesabu.

Watetezi wa mpango huo walisema kwamba malipo ya kijana ni elimu. Hoja hii inanigusa kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa nikiitoa elimu yenyewe, saa tatu asubuhi, kwa mtu aliyekuwa mazoezini tangu kabla ya mapambazuko. Kanuni za NCAA ziliweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, lakini hazikuhesabu safari wala saa za kuuguza viungo. Mwanafunzi wangu alijitahidi. Mwezi wa Oktoba akapigwa kichwa katika mechi, akapata mtikisiko wa ubongo, akakosa darasa kwa majuma mawili. Aliporejea niliandika ubaoni "kitabu kizuri" nikamwomba wingi wake. Alikitazama kifungu kile kwa muda mrefu. Yeye aliyeunda "mgawaji" kwa nukta moja sasa aliitafuta vi- kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Wenzake waliinamisha macho. Alikuja kupona, akaufaulu mtihani wa mwisho, na hakuna timu ya kulipwa iliyomchagua. Hilo halikuwa ajabu: kwa makadirio ya NCAA yenyewe, kati ya wachezaji 100 wa vyuo wanaostahili kuchaguliwa, wanaoingia NFL hawafiki wawili.

Tujuayo leo kuhusu majeraha hayo tunayajua, kwa kiasi kikubwa, kupitia Mwafrika. Mike Webster, aliyeshinda pete nne na timu ya Pittsburgh Steelers, alifariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 50, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa na kutangatanga. Aliyeuchunguza ubongo wake ni Bennet Omalu, daktari mzawa wa Nigeria, na mwaka 2005 akachapisha matokeo yaliyoonyesha ugonjwa unaotokana na kupigwa kichwa mara kwa mara. Madaktari waliohusiana na NFL walidai makala yake yaondolewe jaridani. Hayakuondolewa. Mwaka 2015 mahakama iliidhinisha makubaliano ya ligi hiyo kuwafidia wachezaji wake wa zamani. Daktari huyo ameeleza kwamba jina Omalu ni ufupisho wa jina refu la Kiigbo lenye maana ya kuwa anayejua na ajitokeze aseme. Sisi wanafunzi wa lugha hatuna haja ya kuambiwa uzito wa jina kama hilo.

Kuhusu malipo, mambo yamebadilika. Mwezi wa Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba NCAA haiwezi kuweka kikomo kwa manufaa yanayohusiana na elimu. Tarehe 1 Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Mwezi wa Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Chanda kimeanza kuvikwa pete.

Wapo mashabiki wenzangu wanaolalamika kwamba fedha zimeua mapenzi. Wanataja wachezaji wanaohama chuo kimoja hadi kingine kila mwaka, na miungano ya jadi iliyosambaratika: mwaka 2024 chuo cha UCLA, kilichoko Los Angeles, kiliingia katika muungano mmoja na Rutgers ya New Jersey, ncha mbili za bara. Sikatai kwamba nami nayaona haya kwa huzuni. Lakini tuangalie mpangilio wa matukio. Vyuo vilifuata fedha za televisheni miaka mingi kabla ya mchezaji kuruhusiwa kulipwa hata shilingi. Kama ni mapenzi kuuawa, muuaji si kijana wa miaka 20 aliyeingia mwisho karamuni na kuomba sahani.

Hapa ndipo ninapoachana na hoja yangu ya awali, bila ya kuyaacha mapenzi yangu. Nilisema kwamba chuo hakihami, na ndiyo sababu ninakipenda. Lakini kutohama ni sifa ya majengo na nyimbo. Mchezaji hukaa miaka minne au mitano kisha huondoka, na kichwa alichoondoka nacho ndicho atakachozeekea. Pete peke yake haitoshi: Webster alikuwa nazo nne. Kama chuo ni chuo na si NFL ndogo, tofauti yake ionekane mahali ambapo ligi ya kulipwa haikuahidi chochote, yaani darasani na hospitalini. Kijana apewe muda wa kusoma alichoahidiwa, na matibabu yake yasikome siku anapovua jezi.

Nitaendelea kuitazama mechi ya Jumamosi, usiku mkubwa kwa saa za kwetu. Mgawaji atapokea mpira, atautazama uwanja, atagawa. Nitashangilia, na akiangushwa nitasubiri kwanza nimwone ameinuka. Ikiwa mchezo huu ni wa ridhaa, basi hiyo ndiyo sehemu yangu mimi shabiki katika ridhaa hiyo: nisiridhie kila kitu.