Randa ya Chuma na Kutu Yake: Kumbukumbu za Seremala wa Moshi

Randa ya chuma ni zana ya seremala yenye mwili wa chuma cha kusubu, kisu cha feleji kilicholazwa kwa mteremko, na mikono miwili ya mbao. Iliyozoeleka katika karakana za Moshi ni namba 4, yenye urefu wa karibu sentimita 25 na kisu cha upana wa inchi 2, ikiwa na jina la Stanley au la Record ya Sheffield. Muundo ni wa Leonard Bailey, Mmarekani ambaye kampuni ya Stanley ilinunua kazi yake mwaka 1869. Record nao walianza kutoa randa za muundo huohuo mwaka 1931. Kwa hiyo kisu cha randa ya babu aghalabu huingia katika randa ya mjukuu bila kulazimishwa, na ndiyo maana randa mbili zilizokufa huweza kuzaa moja iliyo hai.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro randa hizi hupatikana zikiwa zimekwisha kushika kutu. Mjini Moshi, kwenye mita zipatazo 800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Kibosho, Uru, Kilema na Marangu ni habari nyingine: masika huwa Machi hadi Mei, na baada yake hufuata baridi na ukungu wa Juni na Julai. Lakini mvua peke yake si mwuaji mkubwa wa zana. Mwuaji ni stoo ya bati. Usiku bati hupoa, unyevu wa hewa hugeuka matone chini yake na kudondoka, na asubuhi kila kilichowekwa humo kimelowa pasipo mvua kunyesha. Nyumba za zamani zilizokuwa na dari juu ya mafiga zilihifadhi vyuma vizuri zaidi, kwa sababu joto lilikausha hewa na masizi yenye mafuta yaliganda juu ya panga na shoka. Zana iliyotoka darini huwa nyeusi. Iliyotoka stoo ya bati huwa nyekundu na hubanduka magamba.

Zamani mlimani chuma hakikutupwa. Kilimanjaro haikuwa na madini ya chuma ya kuyeyushwa. Wahunzi wa Mamba na kwingineko walitegemea chuma kutoka Upare, kilichoyeyushwa na ukoo wa Washana. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, zana na vyuma vya Ulaya vikaanza kupanda mlima, na baadaye springi za magari mabovu zikawa malighafi ya mhunzi. Jembe lililokwisha liligeuzwa kisu, na kisu kilichokwisha kiligeuzwa msumari. Leo randa iliyoshika kutu hupimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu pamoja na rimu za baiskeli.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alizaliwa Kibosho, katika kihamba cha migomba na mibuni, mtoto wa mkulima aliyeuza kahawa yake kupitia KNCU, chama cha ushirika cha wakulima. Utoto wake hauna jambo ambalo wengine hawajalisimulia: zamu ya maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia), majani ya ng'ombe kila jioni, shule ya misheni, darasa la saba, kisha kukosa nafasi ya sekondari. Katikati ya miaka ya 1970 alipelekwa mjini kwa fundi mwenye karakana Majengo. Alikaa hapo hadi ndevu zilipoota, akaajiriwa katika karakana kubwa, akarudi kujitegemea, na sasa amestaafu kwa amri ya magoti yake. Kumbukumbu hizi zimeandikwa baada ya msiba wa fundi huyo, pale sanduku lake la zana lilipoonekana kwa muuza vitu vya mitumba Kiborloni, randa zake zikiwa zimefungwa pamoja kwa waya.

Fundi huyo alijifunza useremala kwa wamisionari kabla ya uhuru. Hakumruhusu mwanafunzi kupiga randa ubao wa mteja mpaka afufue randa moja iliyooza. Wazazi walilalamika kwamba vijana wao wanasugua kutu miezi kadhaa badala ya kufundishwa vitanda na makabati. Yeye aliwajibu kwa adabu na hakubadilisha kitu.

Kazi huanza kwa kukagua. Mwili wa randa ukiwa na ufa pembeni ya mdomo, pale kisu kinapotokea, hauna faida isipokuwa kwa vipuri, kwa kuwa chuma cha kusubu ni kigumu kuungwa na joto la kuchomelea hukipinda. Ufa hujificha chini ya kutu. Mwili uliovuliwa vifaa vyote huning'inizwa kwenye kidole na kugongwa kwa mpini wa bisibisi: mzima hulia, wenye ufa hutoa sauti bubu. Kisu nacho hugeuzwa nyuma. Mashimo ya kutu yaliyo mbali na makali si kitu, lakini yakiwa ndani ya sentimita moja ya makali, kila kunoa kutafungua shimo jipya, na ubao utaonyesha mistari.

Kufungua skrubu kunataka subira kuliko nguvu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana skrubu iliyoshika kutu hubana hata kama haikukazwa. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi hudondoshwa jioni, tena asubuhi, na bisibisi inayojaa mfereji wote hugongwa kidogo kabla ya kuzungushwa. Skrubu ya randa hizi haipaswi kuvunjwa hata kidogo. Uzi wake ni wa kiwandani kwao, si ule wa bolti za duka la vifaa, na atakayeivunja atatafuta randa nyingine ya kuchinja.

Baada ya hapo ndipo huja kutoa kutu, na ndipo ulipo ubishi uliodumu kati ya mwandishi na mwalimu wake hadi mwalimu akaingia kaburini.

Njia ya mwalimu ilikuwa mbege iliyochacha. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ikipitiliza siku zake hugeuka kuwa siki, na asidi yake huyeyusha kutu. Aliichuja machicha kwa kitambaa, akaimimina katika beseni la plastiki, akazamisha vipande kuanzia asubuhi hadi saa za jioni, akivitoa kila mara kuvipiga brashi. Kisha aliviosha kwa maji ya majivu ili kuua asidi, akavimwagia maji ya moto yaliyochemka ili vikauke vyenyewe haraka. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi kabisa. Kikiachwa na umajimaji, hugeuka rangi ya chungwa mbele ya macho ya fundi, kabla hajamaliza kufuta mikono. Siki ya dukani au maji ya ndimu hufanya kazi hiyohiyo, ila mwalimu alisema haoni kwa nini anunue siki wakati majirani wanamwaga mbege.

Kasoro ya asidi ni kwamba haijui kuchagua. Ikimaliza kutu huendelea na chuma. Kipande kilichosahauliwa humo usiku kucha hutoka kijivu, kinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na alama za kiwanda zimefifia.

Mwandishi alijifunza njia nyingine kwa fundi wa umeme wa magari. Magadi yanayouzwa sokoni Mbuyuni kwa ajili ya kuivishia maharage na makande huyeyushwa katika ndoo ya plastiki, vijiko viwili vya mezani kwa lita 10 za maji. Randa huning'inizwa katikati bila kugusa chuma kingine, na waya wa hasi wa betri ya volti 12 hufungwa kwake. Waya wa chanya hufungwa kwenye vipande vya nondo vilivyosimama pembeni ya ndoo. Mapovu huanza kupanda mara moja. Umeme huilegeza kutu na kuigeuza sehemu yake kuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi ya meno, huku chuma chenyewe kikibaki kilivyo. Nondo ndizo zinazoliwa. Masharti ni manne na hayana mjadala: chanya na hasi zisibadilishwe, maana randa itaoza badala ya kupona, chuma kisichoshika kutu kisitumike mahali pa nondo, kwa kuwa hutia sumu ndani ya maji, na kazi ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu mapovu yale ni hidrojeni. La nne, chumvi ya mezani isitiwe, kwani hutoa klorini.

Mwalimu alikuja kuangalia ndoo hiyo, akaizunguka, akauliza bei ya betri. Kisha akatoa hoja yake ambayo haikuwa ya kijinga: visu vilivyopita katika umeme, alisema, humeguka makali. Kweli, hidrojeni huweza kupenya feleji iliyokazwa na kuifanya iwe rahisi kukatika. Mwandishi alimweleza kwamba mwili wa randa si feleji ngumu, na kwamba kisu kinaweza kusafishwa kando kwa njia nyingine. Mzee alijibu, "Kijana, kama dawa haifai kwa kichwa, mimi sitaipaka miguuni." Hapo ubishi ulikwama kwa miaka. Msimamo wa mwandishi hadi leo ni kwamba mwili uingie kwenye magadi, na kisu kisuguliwe kwa mkono au kikae kwa muda mfupi kwenye siki. Ndivyo anavyofundisha, na randa zilizopona hivyo bado zinafanya kazi.

Jambo moja halikuwa na ubishi kati yao, nalo ni grainda. Kijana wa leo akiona kutu hushika grainda yenye brashi ya waya au jiwe, na baada ya dakika chache randa inang'aa. Mwalimu alikuwa akichukua randa ya namna hiyo, anaiinamisha kwenye mwanga na kuuliza, "Ulichotoa hapa ni kutu au ni chuma?" Jiwe la grainda huchimba mabonde kwenye soli, yaani uso wa chini wa randa, na soli yenye bonde haipigi ubao sawa. Kisu kikipata joto huanza rangi ya majani makavu kwenye nyuzijoto kama 220, kikifika bluu kwenye karibu 300 ugumu wake umekwisha, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Vijana wanaosoma haya waache grainda kwenye mageti na madirisha, mahali pake. Katika karakana kubwa aliyoajiriwa mwandishi, msimamizi mmoja aliamuru randa zote zing'arishwe kwa grainda kabla ya wageni kuja; wageni walipiga picha, na mwaka uliofuata randa hizo ziliuzwa kwa kilo kwa maelezo kwamba ni mbovu. Zilikuwa mbovu kweli.

Soli hunyooshwa juu ya kioo kinene kilichobandikwa msasa, kisu kikiwa kimefungwa mahali pake lakini kimerudishwa ndani, kwa kuwa mkazo wa skrubu hubadilisha umbo la mwili kidogo. Mistari ya kalamu ya risasi huchorwa juu ya soli, na kusugua husimama inapofutika mbele, kwenye mdomo na nyuma. Vidoa vya kutu vya katikati haviharibu kazi. Mwenye kutaka soli yote ing'ae anapunguza chuma kwa ajili ya macho tu.

Kisu hunolewa kwa pembe ya digrii 25 hadi 30, baada ya mgongo wake kusawazishwa kwenye kinoo upande wa makali. Bamba linalokaa juu ya kisu lazima ligusane nacho bila kupitisha mwanga, vinginevyo maranda hupenya na kuziba mdomo. Wanaolaumu randa kwa kukwama mara nyingi hawakutazama hapo.

Mikono iliyoliwa na mchwa huchongwa upya. Mringaringa ni rahisi kuchonga lakini ni laini; loliondo hudumu. Wakulima walipoanza kung'oa mibuni ya zamani, mashina yake, magumu na yenye nyuzi ndogo, yalitoa mikono mizuri kuliko mbao nyingi za dukani, mradi yakauke kivulini bila kuharakishwa.

Mwisho ni kulinda. Oili chafu ya gari hutia doa kwenye ubao wa mteja. Mafuta ya alizeti hunata yakikaa. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa skrubu, na nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kupakwa nyembamba inafaa kwa soli na pande zake, tena huifanya randa iteleze. Zana ihifadhiwe katika sanduku la mbao lililoinuliwa kutoka sakafuni, si kwenye stoo ya bati, na nta irudiwe kabla ya masika.

Randa zile za Kiborloni zilinunuliwa zote kwa bei ya chuma chakavu. Miili yake imekwisha kusafishwa kwa magadi. Visu vyake, kwa kuwa vilikuwa vya mzee, vimesafishwa kwa mbege.