Nilikata Susa kwa Video

Kama mnanifuata tangu mwaka jana, mnakumbuka ile video ya Buldak. Ile machozi yanatiririka, kamasi inatoka, na bado nasema "si mbaya, si mbaya." Nilikuwa nadanganya, ilikuwa mbaya. Leo wacha niwaambie kilichotokea baada ya kuzima kamera, kwa sababu hiyo sehemu sikuposti.

Pakiti mbili aliniletea binamu yangu kutoka Nairobi, moja mia tatu hamsini. Kwa hiyo pesa hapa Isiolo unakula chapo na maharagwe siku mbili na chai juu. Nikaangalia alama ya halali, iko, nikaendelea. Sisi Wakenya noodles zote tunaziita indomie, kwa hivyo nilidhani hii ni indomie yenye pilipili kidogo. Buda! Hiyo kitu ilianza kuuzwa Korea Kusini 2012, jina lenyewe maana yake ni kuku wa moto, na Juni 2024 Denmark iliondoa aina tatu zake madukani ikisema ukali umezidi, ingawa baadaye ilirudisha baadhi. Na mimi nilitaka kuimaliza nikipiga stori.

Akko, yaani nyanya yangu, alikuwa ameketi mlangoni. Alingoja nimalize kulia ndio akauliza kwa Kiborana, "Nani amekuadhibu?" Nikamwambia nimejinunulia mwenyewe. Akanyamaza. Akaingia ndani akatoka na kikombe cha susa, maziwa ya ngamia yaliyoachwa mpaka yakachacha, yenye ile harufu ya moshi kwa sababu chombo hufukizwa kwa kijiti cha moto kabla maziwa hayajawekwa. Nilipiga mafunda matatu, moto ukapoa. Na nilikuwa nimemaliza lita nzima ya maji bila faida! Baadaye nikasoma kwamba ule ukali wa pilipili hauchanganyiki na maji, lakini protini ya maziwa inauondoa kwa ulimi. Akko hajasoma hiyo popote. Yeye alijua tu.

Hiyo sehemu niliikata. Nikajirekodi tena nikinywa soda.

Video ikafanya vizuri, nikaona nipande ngazi, niende kula kwa hoteli ya Wakorea Nairobi. Nikachukua basi la asubuhi. Wenye mmesafiri hiyo barabara mnajua: abiria hata hawajajaa, akina mama wa maziwa washapakia mitungi yao ya maziwa ya ngamia yanayoenda Eastleigh. Kwa hivyo kilomita karibu 280 nilisafiri na maziwa ya kwetu, nikienda kutafuta chakula cha watu wengine.

Kwa hiyo hoteli, kabla chakula chako kifike wanakuletea visahani vidogo ambavyo havilipiwi. Kimoja kilikuwa na kimchi, kabichi yenye pilipili na kitunguu saumu iliyoachwa ichache. Niliweka mdomoni nikatulia. Huo uchachu niliujua. Ulikuwa binamu wa susa kabisa.

Usiku huo nikaanza kusoma. Wakorea walikuwa wanatengeneza kimchi nyingi kabla ya msimu wa baridi, familia na majirani pamoja, kwa sababu baridi ikishaingia mboga hazimei. Hiyo desturi yao UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Halafu Samyang, kampuni hiyo hiyo ya Buldak, ndiyo ilitengeneza noodles za papo hapo za kwanza za Korea mwaka 1963, wakati nchi ilikuwa bado maskini baada ya vita na watu walihitaji kitu cha bei rahisi cha kujaza tumbo. Yaani ile kitu nilikuwa naiona ya kishua ilianza kama chakula cha shida.

Kwa basi la kurudi nilijiuliza: mbona chakula cha shida cha Wakorea nakilipia nauli, na cha kwetu nakikata kwa video?

Jibu halinipendezi, lakini wacha niliseme. Huwa nawaambia niliacha chuo kwa sababu masomo hayakuwa yangu. Ukweli ni kwamba karo yangu ilikuwa mifugo. Kutoka mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na kaskazini mwa Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Kwetu walianza kufa ng'ombe, wakafuata mbuzi, mwisho hata ngamia. Nilitoka chuo mwaka wa pili nikarudi nyumbani kwenye boma kimya. Tangu hapo chakula cha akko kilikuwa kinanikumbusha vile tulivyokuwa. Ilikuwa rahisi kulia juu ya pilipili.

Hasa koche, ambayo wengi mnaijua kama nyirinyiri. Ni nyama iliyokaushwa, ikakatwa vipande vidogo sana, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Inakaa miezi bila friji. Unamwekea msafiri, mgeni, mama aliyejifungua. Akko hakuwa amepika koche tangu 2021. Na hakuna aliyemuuliza. Utamuombaje koche mtu ambaye mifugo yake imeisha?

Mwezi uliopita nililipwa tangazo langu la kwanza, la duka la makava ya simu. Nikanunua kilo tatu za nyama ya ngamia sokoni nikamletea. Akaiangalia. "Nani amechinja?"

"Nimenunua, akko."

"Ya kununua," akasema, polepole. Nikadhani nimekosea. Halafu akaomba kisu.

Ilichukua siku mbili. Kila nikikata alikuwa anarudia kazi yangu, kwa sababu kipande kikubwa kinabaki na maji ndani na hapo ndipo kinaozea. Wakati wa kukaanga nikatoa simu nipime dakika, akaisukuma kando. "Sikiliza." Mafuta yakipiga kelele, bado kuna maji kwa nyama. Yakinyamaza, iko tayari. Tukakaa hapo tukisikiliza sufuria. Katikati ya hiyo kelele akaanza kuniambia majina ya ngamia wake, mmoja mmoja. Sikurekodi hiyo. Hiyo ni yake.

Alikubali nirekodi mikono tu, uso hapana. Niliposti. Watu 2,100 wameona, ukilinganisha na 38,000 wa Buldak. Wengine wameandika "chakula cha msituni." Sawa. Lakini kuna dada mmoja wa Merti, anasoma mbali, nyanya yake alifariki kabla hajamfundisha. Aliuliza inakaa kwa moto dakika ngapi. Nikaenda kumuuliza akko, akacheka, nikamwandikia dada jibu lile lile: mpaka mafuta yanyamaze.

Jana nilipika ile pakiti ya pili ya Buldak. Nikaweka nusu ya mchuzi, koche juu, na susa pembeni kabla moto haujaanza. Ni tamu, siwadanganyi safari hii. Akko alionja uzi mmoja akasema unateleza kama mnyoo. Halafu akachagua vipande vyote vya koche kwenye bakuli langu akala.

Sijaacha Buldak, na Nairobi nitarudi kula kimchi. Lakini kikombe cha susa sikikati tena kwa video.

Na wewe, kwenu kuna chakula gani huwa unakificha wageni wakija? Niambie hapo chini. Na kama mwenye anajua kukipika bado yuko, muulize leo.