Tuliwafundisha wadogo zetu kosa

Leo tunaandika kusahihisha. Tangu muhula uanze, sisi wa kikundi cha jioni tumekuwa tukiwaandikia wadogo zetu ubaoni: "Asidi yenye nguvu zaidi hutoa protoni haraka zaidi." Wamenakili, wengine wamekariri kabisa. Na si kweli, au tuseme ni nusu ya ukweli.

Nusu hiyo tuliitoa mahali pazuri. Asidi inatoa protoni, besi inaipokea, na tofauti ya nguvu kati yao ndiyo msukumo wa mmenyuko. Mwaka 1924 Brønsted na Pedersen walionyesha kwamba kwa besi za jamii moja, nguvu ikipanda, kasi nayo inapanda. Sisi tukaishia hapo, tukafunga kitabu.

Kumbe kuna dari. Manfred Eigen, Mjerumani aliyepata Nobel mwaka 1967, alipima mimenyuko ya haraka mno ambayo watu walidhani haipimiki. Akaona msukumo ukishakuwa mkubwa vya kutosha, kasi haiongezeki tena. Protoni haiwezi kuhama kabla asidi na besi hazijakutana, na kukutana ndani ya maji kuna mwendo wake.

Lakini kilichotuumbua ni swali la binti mmoja wa darasa la chini: "Kaka, kwa hiyo asidi mbili zenye nguvu sawa zinakwenda sawa?" Tukajibu ndiyo, haraka haraka. Usiku tukatafuta kwenye simu, tukanyamaza.

Fenoli na nitromethani zina nguvu karibu sawa, pKa ya 10 na 10.2. Zipe haidroksidi ileile: fenoli inaachia protoni zaidi ya mara milioni 100 haraka kuliko nitromethani! Kwenye fenoli protoni iko juu ya oksijeni, tayari imeshikana na maji, inavuka tu. Kwenye nitromethani iko juu ya kaboni. Ili iondoke, elektroni lazima zihamie kwenye oksijeni za upande wa pili, kaboni ibadili umbo, na maji yajipange upya. Yaani kuna kilima katikati.

Tena kuna kali zaidi. Nitromethani, nitroethani na nitropropani-2 zinafuatana kwa nguvu, ya mwisho ndiyo asidi zaidi. Kigezo cha kasi yao na haidroksidi, kwa lita kwa moli kwa sekunde, ni kama 27, 5 na 0.3. Msukumo unapanda, kasi inashuka! Katikati ya safari protoni imeshaanza kuondoka, lakini chaji bado imerundikana kwenye kaboni. Faida ya kule mwisho inachelewa kufika.

Hapo tulicheka kidogo, maana kila semina tunaambiwa vijana tumekosa msukumo. Msikasirike, ndugu zetu wa mashirika.

Basi Jumamosi tunafuta ubao. Wadogo zetu, leteni madaftari, ukurasa wa asidi, na kalamu nyekundu kwa aliye nayo. Sentensi mpya ataiandika yule binti. Tumeshamwomba, naye amesema atakuja ila anataka kwanza aone hizo namba kwa macho yake.