Askari wa Mama Mkubwa

Sisi ni watoto wa mtu na mdogo wake. Mama zetu wamezaliwa Kigoma, sisi tumezaliwa Johannesburg, na aliyetufundisha Kiswahili kuliko wote ni dada yao mkubwa, ambaye tangu 2007 anaishi Diepsloot, kaskazini mwa jiji, akishona nguo na kupunguza sare za shule. Huyo ndiye Mama Mkubwa wa makala hii. Jina lake hatulitaji. Tumemsomea kila mstari kabla ya kuuleta kwenye jarida, na mistari mitatu ameikata.

Likizo ya Desemba tulimkuta amekaa mlangoni na daftari mapajani. Ni daftari la shule la kawaida, na ndani yake ameandika kwa mkono wake kila namba ya sidifoo aliyowahi kupewa kliniki. 2009: 312. 2010: 241. 2011: 178. Halafu namba zinaanza kupanda: 2012, 295, 2014, 460, 2016, 602. Baada ya hapo hakuna namba tena. Kila mwaka ameandika neno moja tu: havionekani.

"Haya, nyie wasomi," akasema. "Nielezeni. Mbona siku hizi hawanihesabii askari wangu? Au kwa sababu mimi si wa hapa?"

Mmoja wetu anasomea uuguzi, mwingine biolojia, wote tumemaliza mwaka wa pili. Ilikuwa tujibu papo hapo. Hatukujibu, kwa sababu kusema kweli na sisi tuliwaza hilo hilo.

Swali lake si la kipuuzi kwa mtu wa Diepsloot. Aprili 2022 watu walipita nyumba kwa nyumba wakidai karatasi, na mwanamume mmoja kutoka Zimbabwe, baba wa watoto wanne, akauawa. Wiki ile Mama Mkubwa hakuwasha cherehani usiku, asije akasikika. Na tangu mwaka ule yamekuwepo makundi yanayosimama kwenye mageti ya kliniki na kurudisha wasio na kitambulisho cha Afrika Kusini. Naye alirudishwa mara moja, kwenye kliniki ambayo hatutaitaja, dawa zikiwa zimebaki za siku tatu. Jirani yake, mama wa Kipedi, ndiye aliyempeleka kesho yake na kusimama naye kwenye foleni mpaka akaitwa.

Kwa hiyo tulimwambia, Mama Mkubwa tupe siku mbili. Tukasoma mwongozo wa taifa wa matibabu ya VVU, maana hatukutaka kumliwaza kwa uongo.

Jibu ni kwamba hawahesabii kwa sababu anaendelea vizuri. Mtu akishaanza dawa, seli zake za CD4 zikapanda juu ya 200, na virusi vikawa vichache kiasi kwamba kipimo hakivioni, hesabu ya seli haiongezi habari ya maana. Inapanda na kushuka kwa mafua tu, hata kwa saa ya siku. Kinachofuatiliwa ni wingi wa virusi, na hilo ndilo neno analoandika kila mwaka. Utaratibu ni huo huo kwa mwenye kitambulisho na asiye nacho.

"Mna hakika?"

Tukamwambia tuna hakika. Akanyamaza kidogo, kisha akafungua ukurasa wa 2009 na kuweka kidole kwenye 312.

"Na hapa? Hapa waliniambia nirudi zikishuka."

Hapa hatuna la kumtetea mtu. Mpango wa serikali wa dawa ulipoanza 2004, mtu mzima kwa kawaida alipewa dawa CD4 zikiwa chini ya 200. Dawa zilikuwa ghali na wagonjwa walikuwa wengi mno. Baadaye mpaka ukapandishwa hadi 350, mwaka 2015 ukawa 500, na Septemba 2016 ukafutwa kabisa: ukiwa na virusi, unapewa dawa. Mama Mkubwa alitangulia mno. Alikwenda nyumbani na 312 zake akasubiri karibu miaka miwili.

"Yaani walikuwa wanangoja askari wangu wafe kwanza," alisema. Ni kweli, kwa lugha ya askari ndivyo ilivyokuwa.

Halafu akauliza swali ambalo hatukulitarajia, na ndilo lililotufanya tuandike: "Sasa hao 602 walitoka wapi? Wa zamani walikufa. Hawa wapya nani kawaleta?"

Tulichukua chaki yake ya fundi na karatasi ya kukatia vipimo, tukachora kifua cha mtu. Nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo kidogo, kuna tezi iitwayo thaimasi. Herufi T ya seli T imetoka hapo. Zamani waganga waliidhani haina kazi, mpaka Jacques Miller alipoitoa kwa panya wachanga huko London. Mwaka 1961 alitangaza alichokiona: panya wale walikosa chembe nyeupe nyingi na wakafa kwa maambukizi.

Seli huzaliwa kwenye uboho wa mifupa zikiwa hazijui kitu, zikahamia thaimasi, na huko zinafanya mtihani wa sehemu mbili. Kwanza: je, unaweza kusoma alama ambazo seli za mwili huu hubeba juu yake? Usipoweza, hufai. Pili: je, ukikutana na vitu vya mwili huu wenyewe, unavishika kwa nguvu mno? Ukivishika, wewe ni hatari, na wengi wa namna hiyo huuawa hapo hapo. Wanaofaulu na kutoka ni chini ya 5 kati ya 100.

"Chuo chenu kingekuwa hivyo," akasema Mama Mkubwa, "msingefika mwaka wa pili."

Tukaendelea kabla hajauliza matokeo yetu. Thaimasi hufanya kazi kubwa utotoni. Ukishabalehe inaanza kusinyaa na nafasi yake inachukuliwa na mafuta. Kwa mtu wa umri wake inatoa seli mpya chache. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile 602 ni watoto wa zile 178 zilizosalia, ambazo dawa zilipozuia virusi zilipata nafasi ya kugawanyika. Na zinaishi kwa ujumbe. Mwilini kuna kemikali iitwayo interlukini-7. Seli T ina kipokezi chake, tuseme sikio la kuusikia ujumbe huo. Tangu ikiwa changa ndani ya thaimasi, na hata ikishatoka, inahitaji kuambiwa: endelea kuishi. Isiposikia, inajimaliza yenyewe. Haingoji kuuawa na mtu.

Hapo Mama Mkubwa akaweka miwani pembeni, akatutazama.

Mmoja wetu alikuwa amesoma darasani utafiti wa Umlazi, kusini mwa Durban. Mmoja wa wanaouongoza ni Thumbi Ndung'u, Mkenya, jambo lililotufurahisha bila sababu ya kisayansi. Wasichana wa miaka 18 hadi 23 wasio na VVU walipimwa damu mara mbili kila wiki, na siku hizo hizo wakapata masomo ya maisha na ya kutafuta kazi. Aliyeambukizwa aligundulika ndani ya siku chache. Mwaka 2015 watafiti waliandika habari za 12 wa mwanzo. Seli T zao, zile za CD8 zinazoua seli zilizoambukizwa, ziliinuka kwa wingi wa ajabu dhidi ya virusi. Lakini nyingi zilikufa upesi, na hazikuwa zimeotesha kile kipokezi cha interlukini-7. Zilifika vitani bila sikio la kuambiwa ziishi. Hata hivyo, waliopata mwinuko wa haraka na mkubwa zaidi ndio ambao virusi vyao vilitulia kwenye kiwango cha chini baadaye.

Tulimwambia na jambo lingine, ambalo kwetu ndilo gumu kulisema kwa Kiswahili tulichorithi. CD4 si askari. Kila bango la afya tulilokua nalo linasema askari wa mwili, na sisi tulilimeza hivyo. Lakini kazi yake hasa si kuua. Inaita. Inamwaga kemikali za kuziamsha seli nyingine: wewe tengeneza kingamwili, wewe jiandae kuua, nyie njooni huku. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na CD4 ndiye mpiga mbiu. Mtaani kwa Mama Mkubwa filimbi ikipigwa usiku watu wanatoka. Virusi vya ukimwi vinamshika huyu mwenye filimbi. Wenye rungu wamo ndani, ila wengi hawasikii kitu.

"Na mgeni wanamjuaje?"

Aliuliza akitunga uzi, bila kututazama. Tulitazamana sisi.

Tungeweza kusema yale ya kitabuni: kinga hutofautisha chako na kisicho chako. Tulijaribu tena. Seli T ikikutana na kitu kigeni, hiyo peke yake haitoshi. Inahitaji ishara ya pili, kutoka kwa seli iliyoona dalili ya madhara. Ikipata ya kwanza bila ya pili, mara nyingi inapoa na kuacha. Chakula ni kigeni. Bakteria wa utumboni ni wageni, wako kwa matrilioni. Mtoto tumboni nusu yake ni ya baba yake, na mama hamtupi. Tena kuna seli T ambazo kazi yake ni kutuliza nyingine. Shimon Sakaguchi wa Japani, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, wamepewa Nobeli ya 2025 kwa kazi ya utulivu huo.

"Kwa hiyo hawaulizi karatasi. Wanauliza umefanya nini."

Tulicheka, halafu hatukucheka. Tunajua seli si watu, na mwalimu wa biolojia angetupiga kalamu nyekundu hapo. Kinga hukosea pia, hushambulia viungo vyake yenyewe, na haina aibu kesho yake. Lakini sentensi ile ni ya Mama Mkubwa na hakuikata.

Kabla ya kuondoka tulimwuliza kama sasa ataacha kuwaita askari. Akasema amekaa nao miaka yote hiyo akiwaita hivyo na hawajalalamika. Kisha akaigeuza karatasi tuliyoichora kifua, akaiangalia, akasema ile ni ya sketi ya mtu, inachukuliwa Jumamosi, na mmoja wetu aifute chaki vizuri isiguse kitambaa.